Kutoka Nyankunde hadi Jinja, mji wa Nile na majivu ya Gandhi

Waamini wa Ituri wanaovuka mpaka kwenda kuhiji Uganda huijua Namugongo na sikukuu yake ya tarehe 3 Juni. Kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala kuna Jinja, mahali Nile inapotoka katika Ziwa Victoria. Huko mto wenyewe ni mtakatifu.

Kwa Wasoga, wenyeji wa Jinja, maporomoko ya Bujagali ni makao ya mzimu Budhagaali. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, na matambiko yalifanywa ili kuihamisha mizimu. Kwa Wahindu, Jinja ni mahali ambapo sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa mtoni mwaka 1948, mwaka aliouawa kwa risasi. Sanamu yake ilizinduliwa pale mwaka 1997 na waziri mkuu wa India, Inder Kumar Gujral.

Gandhi alipigania uhuru bila silaha, akauawa akitetea amani kati ya Wahindu na Waislamu. Nyankunde inajua uzito wa jambo hilo. Kuanzia tarehe 5 Septemba 2002, mamia ya watu waliuawa humo kwa sababu ya kabila lao, hata wagonjwa ndani ya hospitali ya CME. Marafiki watatu, Mbira, Mhema na Mngiti, wakisimama pamoja mbele ya sanamu hiyo, hawatakosa la kuzungumza.

Shida ni kufika. Barabara ya kitaifa nambari 27, kutoka Bunia hadi Mahagi na mpaka wa Goli, imeshambuliwa mara nyingi na wanamgambo. Njia nyingine ni kushuka Kasenyi na kuvuka Ziwa Albert kwa mtumbwi wa injini hadi Ntoroko, lakini upepo wa ziwa huzamisha mitumbwi iliyojaa kupita kiasi. Kwa hiyo habari za njia huulizwa asubuhi ile ile ya safari, na koti la kuokolea maisha huvaliwa kabla ya kupanda.

Maji ya mto Shari, huko Irumu, huingia Ituri, kisha Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Yale ya Jinja hupitia Ziwa Albert kabla ya kwenda Misri. Ituri, basi, inagusa mito yote miwili.