Silsila ya Hadithi: Ipi Imo na Ipi Haimo?

Msomaji wetu mmoja wa Ujiji, ambaye hupanga vitabu na filamu katika maktaba ya shule, ametuletea maswali mawili. La kwanza ni la istilahi: kundi la tamthilia za upelelezi zilizochipuka katika shina moja liitweje kwa Kiswahili? La pili ni la hukumu: tutajuaje kwamba tamthilia fulani imo katika kundi hilo na nyingine haimo? Anasema wanafunzi humjia wakitaka "kisa kingine cha Joram Kiango", naye hutazama rafu ya vitabu vya Ben R. Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, asijue akate wapi.

Tumeona vema kuyajibu maswali yote mawili pamoja, kwa kuwa istilahi isiyotuwezesha kutenganisha kitu na kitu haijatimiza kazi yake.

Kasoro za maneno yaliyopo

Waingereza hutumia neno "franchise". Asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa uhuru. Baadaye likawa haki maalumu, kisha haki ya kupiga kura, kisha ruhusa ya kufanya biashara kwa jina la mwingine. Hatimaye likabandikwa kwenye hadithi. Kulitohoa ni kubeba mzigo wote huo pasipo haja.

Kwa upande wetu, wengi husema "mfululizo". Neno hili ni zuri, lakini lina kazi yake tayari. Visa vya Bwana Msa vilivyoandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), ni mfululizo: shujaa ni mmoja na kisa hufuata kisa. Tunachokitafuta hapa ni jina la shina lililozaa mifululizo kadhaa, kila mmoja ukiwa na mashujaa wake. "Msururu" nao ni watu waliopangana tu. Hauelezi nani kamzaa nani.

Somo la dagaa

Kabla ya kupendekeza neno, na twende mwaloni Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, mitumbwi inaporudi alfajiri baada ya kuvua kwa taa katika usiku wa giza. Kinachoanikwa pale kwa jina moja la dagaa ni samaki wa aina mbili, ambao wataalamu huwaita Stolothrissa na Limnothrissa. Hao ni ndugu kweli. Wavu ule ule huleta pia migebuka, samaki awindaye dagaa, lakini hakuna mvuvi amwitaye migebuka dagaa kwa sababu tu wamepanda mtumbwi mmoja.

Sasa tazama Mwanza. Huko nako kuna dagaa, naye ni wa jamii nyingine kabisa, iliyo karibu zaidi na ningu kuliko na dagaa wa Kigoma. Jina ni moja, damu mbalimbali. Kinyume chake, Limnothrissa wa Ziwa Tanganyika alipandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968. Kivu anaitwa sambaza, Kariba anaitwa kapenta. Majina mawili mapya, damu ile ile.

Mafunzo ni mawili. Jina peke yake halithibitishi udugu, wala kukutana katika wavu mmoja hakuthibitishi.

Tamthilia za Marekani

Mafunzo hayo yanatusaidia katika tamthilia za upelelezi za Marekani, ambako ubishi wa aina hii ni mkubwa. Law & Order, aliyoibuni Dick Wolf, ilianza mwaka 1990. Muundo wake wajulikana: nusu ya kwanza polisi hupeleleza, nusu ya pili waendesha mashtaka husimama mahakamani. Mwaka 1999 ilizaa Special Victims Unit, na mwaka 2009 ikazaa tamthilia ya Uingereza, ambayo ilichukua visa na muundo wa ile ya Marekani lakini ikaweka wahusika wapya mjini London. Hii ya London imo, ingawa haina hata shujaa mmoja wa zamani.

Mpelelezi John Munch, aliyeigizwa na Richard Belzer, ndiye alezuaye fitina. Alizaliwa katika tamthilia nyingine, Homicide: Life on the Street (1993 hadi 1999), yenye wabunifu wengine. Zaidi ya mara moja katika miaka ya 1990 polisi wa tamthilia hizo mbili walitembeleana. Homicide ilipokwisha, Munch alihamia Special Victims Unit akafanya kazi huko miaka mingi. Je, Homicide nayo imo?

Sisi twasema haimo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Munch alipewa jembe akalima. Yeye binafsi amekuwa mwenyeji. Lakini kuhama kwa mtu hakuhamishi kijiji alikotoka. Aidha, Munch huyo huyo alionekana katika The X-Files na katika The Wire. Kama ziara ya mhusika ingetosha kuleta udugu, basi hadithi za viumbe kutoka angani nazo zingekuwa Law & Order, jambo ambalo hakuna atakayelikubali.

Kwa upande mwingine, NCIS ilichipuka mwaka 2003 kutoka JAG, iliyoanza mwaka 1995. Majina hayafanani hata kwa herufi ya kwanza, lakini ni mama na mwana, kama dagaa na kapenta.

Neno tunalopendekeza

Tunapendekeza neno "silsila". Kiswahili kinalo tangu zamani kwa maana ya mfuatano wa nasaba. Pale Ujiji, ambako tarika ya Kadiria ina wafuasi wa siku nyingi, silsila ni mnyororo wa masheikh ambao kila mmoja alipokea idhini kwa aliyemtangulia. Kuketi katika halaka ya sheikh hakukuingizi katika silsila yake. Idhini ndiyo ikuingizayo. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona si adabu kulileta neno hilo katika tamthilia. Tunaiheshimu hoja hiyo, ila twakumbusha kwamba silsila husemwa pia kwa koo za kawaida. Kwa asiyeridhika, "ukoo wa hadithi" litafaa, ijapokuwa ukoo hautaji idhini.

Basi istilahi ziwe hivi: silsila ni kundi zima, mfululizo ni kila tamthilia ndani yake, chipukizi ni mfululizo uliozaliwa na mwingine, mwendelezo ni kisa kinachoendeleza kilichotangulia.

Vipimo ni vitatu. Kwanza nasaba: kazi iwe imetokana na kazi ya shina. Pili idhini: iwe imeruhusiwa na mwenye haki. Tatu urithi: ionyeshe shujaa, ulimwengu au muundo wa shina. Ikikosa nasaba, ni jirani. Ikikosa idhini, ni mwigo. Ikikosa urithi, ni jina tupu.

Kurudi rafuni

Tukirudi kwenye rafu ya Ujiji, Lazima Ufe Joram na Tutarudi na Roho Zetu? vikae pamoja, ingawa kitabu cha pili hakimtaji Joram katika jina lake. Dar es Salaam Usiku kikae kando: mwandishi ni yule yule, lakini Joram hamo. Hapo mpangaji ana mfululizo mmoja. Siku utakapozaa tamthilia yenye mashujaa wake, tutasema silsila.

Siku hiyo ndipo kipimo cha idhini kitakapokuwa na uzito wake wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa Mtobwa hiyo inafika 2058. Atakayetengeneza tamthilia ya Joram kabla ya hapo bila kuwaendea wenye haki atakuwa amefanya mwigo, hata akilitumia jina kwa herufi kubwa. Tukiziita kazi zote kwa neno moja la "mfululizo", tutakuwa tumeufunika mwigo huo kwa lugha yetu wenyewe, na watakaopata hasara ni warithi wa mwandishi.

Tunawaomba wasomaji, hasa wakutubi, walimu na watengenezaji wa filamu, wayajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao. Na wavuvi wa Kibirizi wakiwa na neno lililo bora kuliko chipukizi, tutalipokea kwa mikono miwili.