Kibofu cha Mbwa Aliyepooza

Ndugu mfugaji, mbwa wako wa ulinzi aligongwa na gari, miguu ya nyuma ikapooza. Fundi baiskeli akakuundia kigari cha magurudumu mawili. Sasa anakimbia uani, nawe unaona mambo yamekwisha. Bado, kuna kibofu.

Mara nyingi mbwa wa namna hii hawezi kutoa mkojo wote. Ukiona matone yanadondoka kila anapopita, usidhani kibofu ni kitupu. Huenda kimejaa mpaka kinafurika, kama pipa la maji ya mvua. Vijidudu huzaliana katika mkojo huo uliolala. Na kwa kuwa pengine hana hisia sehemu hiyo, hatalia. Basi tumia pua na macho yako: mkojo unanuka kuliko kawaida, una ukungu au damu, au mbwa anakataa chakula.

Mwombe daktari wa mifugo akufundishe kumkamua. Unaweka viganja pande zote mbili za tumbo na kuminya taratibu, mara 3 au 4 kwa siku. Si kama kukamua ng'ombe, jamani! Kibofu kikiwa kigumu na mkojo hautoki, acha, maana chaweza kupasuka. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Akiugua, mkojo upimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Vidonge vilivyobaki tangu mwaka jana usimpe. Vijidudu huzoea dawa. Dozi imalizwe hata kama harufu imekwisha. Wala usimnyime maji ati anachafua. Jioni mtoe kwenye kigari, mwoshe, mkaushe, nawe unawe mikono kwa sabuni.