Bodi ya gari: Galvanaizi au chuma cheusi? Angalia mzigo kwanza

Canter au kirikuu inayopanda Mgeta kufuata kabichi na karoti hurudi Morogoro mjini ikiwa imelowa ndani na nje. Mboga zinachuruza maji, mvua nayo inapiga, sakafu ya bodi haipati muda wa kukauka. Kutu inaanzia kwenye kona na maungio, mwisho sakafu inatoboka.

Upande wa mashariki wa Uluguru, Kinole na Matombo, hali ni ngumu zaidi kwa sababu pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi huko.

Kwa kazi hiyo galvanaizi inalipa, hata kama bei yake iko juu. Ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki huliwa kabla ya chuma. Hata bodi ikipata mkwaruzo mdogo, zinki ya jirani inaendelea kukilinda.

Tatizo liko kwa fundi. Moto wa kuchomelea unaunguza zinki, hivyo kila kiungo kinabaki chuma kitupu. Kabla ya kuchomelea, zinki isagwe kwa grenda. Baadaye kiungo kisafishwe na kupakwa rangi yenye zinki. Fundi akiruka hatua hiyo, umelipia galvanaizi halafu unapata kutu kama ya jirani yako.

Moshi wake pia si wa kuchezea. Unaleta homa, baridi na kifua kubana. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayauzuii kuingia mapafuni. Kinachosaidia ni kufanyia kazi mahali penye hewa na kuvaa barakoa ya kazi hiyo.

Wabeba mananasi na machungwa nao wajue kwamba maji ya matunda yana asidi, na asidi inakula zinki. Bodi ioshwe siku hiyohiyo, na sakafu iwe na matundu ya kutolea maji.

Kama unabeba mchanga, kokoto au mawe, achana na galvanaizi. Mawe yatakwangua zinki yote, na bodi itarudi kuchomelewa mara kwa mara. Chukua pleti nyeusi nene, ipakwe redi oksaidi kisha rangi, na irudiwe kila inapobanduka.

Ukinunua gari lililotumika, rangi mpya isikuzuge. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga sakafu karibu na mataruma. Panapobonyea au kudondosha magamba pameshaoza.