Yasmini Haimwiti Nyoka

Kila mvua inapokaribia naletewa swali lile lile, na safari hii limetoka Oltepesi, barabara ya Magadi: "Nikipanda yasmini karibu na dirisha, si nitakuwa nimewaita nyoka?" Limewahi kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, na nimelijibu kwa upole vya kutosha. Leo nalijibu kwa urefu, maana watu wanazidi kukata na kuchoma mimea mizuri kwa kosa ambalo haikutenda.

Hakuna nyoka anayekula maua, wala anayefyonza utamu wake. Nyoka wote duniani, bila kumbakiza hata mmoja, hula wanyama au mayai yao. Anapotoa ulimi anaokota chembe za harufu hewani na ardhini, kisha anazipeleka kwenye kiungo kilicho juu ndani ya kinywa chake. Anachokitafuta kwa ulimi huo ni njia aliyopita panya au chura. Yasmini haina habari yoyote ya kumpa.

Anayeitwa na harufu ile ni nondo. Maua mengi yanayonukia usiku ni meupe ili yaonekane gizani, na huachilia harufu jua likishatua kwa sababu hapo ndipo nondo anaporuka. Kifutu naye huanza kuwinda saa hizo hizo. Watu wakaona mambo mawili yanatokea jioni moja, wakaamua la kwanza limezaa la pili.

Mwenye shaka na aende na tochi na fimbo ndefu (asitie mkono) akainue matawi ya chini ya yasmini iliyoegemea ukuta kwa miaka bila kupogolewa. Atakuta majani makavu yamerundikana, mavi ya panya kama punje nyeusi za mchele, na tundu pembeni mwa msingi. Hatua chache kutoka hapo pana bomba linalovuja, na chini yake chura. Nyuma ya nyumba yamelala mawe na mabati yaliyobaki fundi alipomaliza kazi, na kando yake chakula cha kuku kimemwagika. Kiangazi cha Kajiado kikikaza, bustani inayomwagiliwa ndiyo mahali pekee penye unyevu katika eneo kubwa, na swila mwekundu, yule atemaye mate, anawapenda sana vyura. Ng'oa yasmini, acha hayo mengine yote, na nyoka hatakosa sababu ya kuja. Mbona bogainvilea, isiyonukia kabisa, huficha nyoka vile vile na hakuna anayeishtaki?

Kinachonikera zaidi ni dawa. Mtu anamwaga oili chafu ya gari kuzunguka ua wake wote na kulala akijiona salama. Oili hiyo ina metali zenye sumu. Inaua viumbe vinavyorutubisha udongo, inazuia maji kupenya, na mvua ikinyesha inateremka hadi kwa jirani na kisimani. Nyoka hupita juu yake. Salfa na vidonge vya nafthalini vilijaribiwa Marekani, na nyoka waliwekewa wakavivuka. Nafthalini kwa upande wake ni hatari kwa mtoto anayeweza kuidhania peremende. Kuna pia wanaouza miche ya "kufukuza nyoka" kando ya barabara. Hakuna mche wa aina hiyo. Pesa hizo zitumie kuziba matundu ya msingi, kuhamisha mawe na mabati, kutengeneza bomba, kuhifadhi chakula cha kuku katika pipa lenye kifuniko, na kupogoa kila mmea hadi uone ardhi chini yake. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, kwa hiyo sisemi kwamba hofu yenu ni ya bure. Nasema mmeielekeza pasipostahili. Aliyeumwa apelekwe hospitali moja kwa moja, bila kuchanjwa wala kuwekewa jiwe jeusi.

Sasa tupande. Upepo wetu sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki, kwa hiyo weka mmea upande wa mashariki wa baraza, harufu ije kwako badala ya kwenda kwa jirani. Yasmini ipande kwenye fremu, isiguse ukuta, na uikate ikimaliza kuchanua. Franjipani hustahimili ukame vizuri sana mradi maji yasituame. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela iinulie tuta. Gadenia ya madukani hutaka udongo wenye asidi, na ukiimwagilia maji ya kisima yenye chumvi majani yatageuka manjano. Usihangaike nayo, tafuta gadenia ya mbugani, ile ambayo ua lake hufunguka jeupe jioni na kuwa la manjano kesho yake. Mrehani upande mlangoni. Leleshwa ipande mpakani: majani yake yananukia kafuri, na Wamaasai wameyatumia kama manukato ya kwapani tangu zamani. Mgunga uliokwisha kuwapo kwenye ploti, oltepesi yenyewe, usikatwe. Ukichanua utakuletea nyuki na harufu tamu bila kumwagiliwa hata ndoo moja. Jana-leo-na-kesho inanukia vizuri lakini huua mbwa akila matunda yake. Malkia wa usiku na tarumbeta za malaika zina sumu kwa watu. Nyumba yenye watoto wadogo isiwe nazo.

Ningeulizwa mmea mmoja tu wa Oltepesi, ningesema olamuriaki. Ni kichaka cha hapa hapa, chenye maua meupe yenye harufu inayokaribia ya yasmini, matunda meusi yanayolika, na miiba ya kutosha kuwa ua la boma. Lakini mche wake uukague mwenyewe kabla ya kulipa. Olmorijoi, mti ambao wawindaji wamechemsha magome na mbao zake kupata sumu ya mishale, ni wa ukoo huo huo: maua yake meupe yenye wekundu kidogo yananukia vizuri vile vile, matunda yake yakiiva yanafanana na ya mwenzake, na yote miwili hutoa utomvu mweupe ukivunja tawi. Pitisha jicho kwenye kitawi. Olamuriaki ina miiba, olmorijoi haina. Kichaka kisicho na miiba kisipandwe nyumbani kwa jina la olamuriaki, hata muuzaji aape vipi, na mtoto asiruhusiwe kuonja tunda lake.