Aliniahidi Uluguru, Akanipeleka Mazoezini

Hivi dada, mchumba wako akikwambia, "Jiandae, wikendi hii nakupeleka Morogoro," wewe unafikiria nini? Mimi nilifikiria ubaridi wa Uluguru, picha nzuri za milimani na chakula cha jioni huku simu zimezimwa. Ilikuwa Julai 2019, miezi mitatu kabla ya harusi yetu. Nilinunua hadi raba mpya za kupandia mlima!

Basi, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi naamshwa. "Mpenzi, vaa raba, tunatoka." Kichwani kwangu tunakwenda Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani. Kumbe wapi! Bodaboda zikatushusha pembeni ya uwanja wa mpira. Yanga walikuwa wameweka kambi Mji Kasoro Bahari kujiandaa na msimu wa 2019/20, na mwenzangu alilijua hilo tangu tuko Dar.

Mimi ni Simba damu. Unaweza kuupata picha uso wangu asubuhi ile.

Hakuna bao, hakuna shangwe

Kama unadhani mazoezi ya kuanza msimu ni mashuti na chenga, pole yako. Karibu saa nzima sikuona goli hata moja. Wanakimbia kuzunguka uwanja, wanapumzika kidogo, wanakimbia tena. Wanaruka koni. Wananyoosha viungo. Filimbi inalia, wanaanza upya. Mmoja aliinama, mikono magotini, pumzi imekata kabisa. Mwenzake akampiga piga mgongoni, wakaendelea.

"Mbona hawachezi?" nikauliza, nimekasirika kiasi.

"Huwezi kuanza na mechi," akanijibu. "Wametoka likizo, miili imelala. Kwanza pumzi, halafu kasi, halafu mipango ya kocha, ndiyo zije mechi za kirafiki. Na humu wengi wamesajiliwa juzi tu, hawajui hata mwenzao anapenda pasi ya mguu gani. Bora wagombane hapa kuliko siku ya mechi."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Sisi je? Tulikuwa na kamati ya harusi, ukumbi, mshereheshaji na rangi ya sare. Vikao kila Jumapili, michango inafuatiliwa kama deni la benki. Lakini katika miaka miwili ya uchumba hatukuwahi kukaa tukaulizana nani atalipa nini tukishaoana. Yaani tulikuwa tunaandaa sherehe ya ubingwa wakati ligi yenyewe haijaanza!

Nikamuuliza pale pale: "Hivi mshahara wako unaishia wapi?"

Alinyamaza muda mrefu, macho uwanjani. Kisha akasema, "Nina mkopo. Ndio uliolipa mahari yako. Na ada ya wadogo zangu wawili iko juu yangu mpaka wamalize shule."

Nilitaka kuwaka. Lakini na mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nimenunua kiwanja Kibaha kwa jina la mama, kwa sababu shangazi aliniambia mwanamke lazima awe na siri yake. Nikalitoa. Sasa yeye ndiye akanuna.

Msomaji wangu, hatukukumbatiana kama kwenye sinema. Tuliondoka uwanjani kila mtu kivyake.

Mlima haudanganyi

Mchana tukaupanda mlima, kwa sababu raba zilishanunuliwa. Ile njia ya Morningside ni kali, na ukitaka kugombana huku unapanda, pumzi haikuruhusu. Unasema sentensi moja, unasimama, unamsikiliza mwenzako. Akina mama wa Kiluguru walitupita wakishuka na mizigo ya ndizi na mboga kichwani, wala hawahemi. Aibu tupu!

Mpaka tunafika juu tulikuwa tumekubaliana mambo matatu. Bajeti ya harusi ipunguzwe, hata kamati ikinuna. Ada ya wadogo zake iingie kwenye hesabu ya nyumba yetu, isiwe siri tena. Kiwanja kibaki changu, ila sasa anakijua.

Msimu ule ubingwa ulikwenda kwa Simba, Yanga wakamaliza nafasi ya pili. Nilimtania mwaka mzima! Alisubiri mpaka msimu wa 2021/22 ndipo Yanga wakabeba kombe, tena bila kupoteza mechi hata moja. Nikanyamaza kimya.

Kwa hiyo kambi moja haileti kombe, na yetu haikumaliza kila kitu. Mkopo ulituchukua miaka. Suala la ndugu bado linatugombanisha hadi leo. Tofauti ni kwamba hakuna anayeshtukizwa. Kila Julai tunatafuta wikendi moja, hakuna wageni, daftari mezani, tunaambiana ukweli wa mwaka mzima. Huwa hakuna raha sana siku hiyo. Raha inakuja baadaye.

Kwa hiyo wewe ambaye kadi za michango ziko kwa mchapaji, kabla hujachagua rangi ya sare, muulize mwenzako hilo swali moja: mshahara wako unaishia wapi? Na wewe ujiandae, maana atakuuliza hivyo hivyo.