Jani la Konokono na Sufuria Yetu

Ndugu msomaji, najua ukisikia neno konokono unakunja uso. Hata mimi nilikunja. Lakini konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye asili yake ni pwani yetu, siku hizi ni mfugo kama kuku. Kule Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, hufugwa kwa ajili ya nyama na ute wake, ambao hutumiwa katika vipodozi. Anayetaka kumfuga huomba kwanza kibali kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mjomba wangu ndiye mfugaji hapa kwetu Eldoret, nami ndiye mlishaji wake.

Kazi hiyo hufanywa jioni. Konokono hujificha mchana na kutoka giza likiingia. Ulimi wake una maelfu ya meno madogo mno, naye hukwangua jani kama mtu anayekuna nazi kwa mbuzi.

Si kila jani humfaa. Sukuma wiki ni chakula chema kwa sababu ina madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo hujenga kombe lake. Kabichi hula sana, lakini sehemu kubwa yake ni maji: tumbo litajaa, kombe halitapata kitu. Spinachi, jamani, mpe mara mojamoja tu. Ina asidi inayoishika kalsiamu hata mwili usiweze kuitumia. Majani ya viazi usimpe kabisa, yana sumu. Aidha, twanga maganda ya mayai umwekee kando. Chumvi iwe mbali naye, kwani humnyonya maji mwilini hadi afe.

Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa baridi konokono hujikunyata ndani ya kombe na kula kidogo. Basi punguza majani, na asubuhi uondoe mabaki kabla hayajaoza. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, maana konokono huweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu.

Hayo yote niliyajua. Nisilolijua lilinifunza Mei mwaka jana. Jumatano jioni nilichuma sukuma katika shamba letu dogo nyuma ya nyumba, nikawawekea konokono 20. Asubuhi nilikuta 14 wamekufa, povu limewatoka. Mjomba akaja, akatazama, kisha akamwuliza kaka yangu:

"Mlipiga dawa ya wadudu lini?"

"Jumatatu, mjomba."

Wakaitafuta chupa. Maandishi yake, madogo kama chawa, yalisema mtu angoje siku 7 baada ya kunyunyiza ndipo achume. Sisi tulikuwa tumengoja siku 2.

Mama alisimama mlangoni kimya. Jumatano hiyo hiyo alikuwa amechuma mstari huo huo, akatupikia, tukala na ugali. Mdogo wangu wa miaka 4 aliongezewa mara mbili. Nashukuru Mungu hakuna aliyeugua. Lakini siku ile nzima darasani sikusikia neno la mwalimu. Niliwaza: konokono ameonja jioni moja akafa, je, sisi tunaokula sukuma kila siku?

Kumbuka kwamba si kila sumu huua papo hapo, na kuosha jani kwa maji hakuondoi dawa yote, hasa ile iliyoingia ndani ya jani lenyewe. Dawa kubwa ni kungoja siku zilizoandikwa.

Tangu hapo, kila tukinyunyiza tunafunga kitambaa chekundu mwanzoni mwa mstari, na tarehe tunaiandika ukutani jikoni. Kitambaa kikiwapo, hachumi mtu, wala halishwi konokono. Wewe nawe, leo ukifika nyumbani, waulize: sukuma hii ilipigwa dawa lini?