Mwenda wa Bayeke na gitare yake: nani anajua kumupima?



Jumapili moja mchana, ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliketi chini ya muembe akapiga gitare kwa vidole viwili tu, pole pole, namna ya wazee wa Likasi. Wenzake wakacheka: "Ile ni miziki ya bazee! Haina hata ngoma!" Na mimi, kapita wenu, nilicheka pamoja nao. Tangu siku ile yule ndugu hajashika tena gitare. Njo maana ninaandika haya. Nilicheka kitu ambacho sikukijua.

Namna ile ya kupiga ina baba zake, na mmoja wao mkubwa ni Jean-Bosco Mwenda, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, mji wa mfalme M'siri, hapa hapa Katanga. Alikaa sana Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alikuwa anazunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti. Alipofika Jadotville akamkuta huyu kijana wa miaka 22 hivi, akanasa nyimbo zake. Mmoja wao unaitwa "Masanga". Ulipata zawadi ya Osborn ya mwaka 1952, iliyotolewa kwa muziki bora wa Afrika. Sahani zake zikaenda mbali, na kwenye mwisho wa miaka ya 1950 yeye mwenyewe alifika Nairobi, akapiga redioni, na vijana wengi wa Kenya wakamfuata kwa vidole.

Sasa tuangalie namna watu walivyomupima, kwa sababu hawakumupima kwa mizani moja.

Wa kwanza ni wenye elimu ya muziki. David Rycroft alisikiliza sahani zake, akaandika kila sauti kwa alama za muziki, akatoa maandiko mawili juu yake, mwaka 1961 na 1962. Alichotazama zaidi ni namna Mwenda anavyotunga palepale anapopiga: hapigi wimbo kama mtu anayesoma somo la kukariri, anaugeuza geuza. Na kazi yenyewe ni hii: dole gumba linashika nyuzi nene za chini, kidole cha shahada kinacheza juu ya nyuzi nyembamba. Kila kimoja kina njia yake. Asiyeona anafikiri ni watu wawili wanapiga.

Wa pili ni watu wa Marekani waliopenda nyimbo za gitare ya mtu mmoja. Mwaka 1969 walimwita kwenye sikukuu yao kubwa ya Newport. Wao walisikia ndugu yao: mtu mmoja, gitare moja, na habari za maisha. Lakini wengi wao hawakujua Kiswahili. Walisifu vidole, maneno yakawapita.

Wa tatu ni siye wenyewe. Wazee wetu walisikia maneno kwanza: habari za mji, za kazi, za mapendo, za adabu. Lakini magitare ya umeme yalikuwa yamekwisha kuingia. Bendi za Léopoldville, kama African Jazz na O.K. Jazz, zilijaza redio, na mtu mmoja na gitare yake ya mbao akaonekana kama mtu wa zamani. Mwaka 1979 Mwingereza mwingine, John Low, alisafiri mpaka kwetu, wakati ule jimbo likiitwa Shaba, kuwatafuta Mwenda na wenzake, Losta Abelo na Édouard Masengo, ili wamufundishe. Mgeni alivuka bahari kwa kutafuta kitu kilichokuwa mlangoni petu.

Mwenda alikufa katika aksida ya gari mwaka 1990. Mwaka 1994 kampuni ya Rounder ya Marekani ikatoa sahani nzima ya nyimbo zake, zilizonaswa Cape Town kwenye mwisho wa miaka ya 1980. Hapa mwenye kupima awe na akili. Ukiweka sahani hii karibu na "Masanga" ya 1952, unapima kijana wa miaka 22 na mzee wa karibu miaka 60. Vidole vya kijana vinakimbia. Mzee anajua mahali pa kusimama. Usimuulize mzee kwa nini hakimbii, usikie kwanza anasimama wapi.

Kwa hiyo, mbele ya kusema muziki ni mbaya ao mzuri, tujiulize mambo matatu. Moja: mpigaji alitaka kufanya nini? Gitare ya mtu mmoja haikutaka kuwa bendi, basi usiilaumu kwa kukosa ngoma. Mbili: nimesikia maneno, ao sauti tu? Tatu: nimesikiliza mara ngapi? Mimi nilisikiliza mara moja, tena nikicheka.

Wakati wa likizo mujomba wangu, mvuvi wa hapa Lualaba, aliniwekea "Masanga" kwenye redio yake ndogo. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya tatu nilianza kutafuta ni kidole gani kinapiga nini, nikashindwa. Mujomba akaniambia: "Uko naona? Ule ulimucheka, yeye anajua."

Ndugu wa mwaka wa pili, unajijua. Ninakuomba msamaha mbele ya wote. Jumamosi ijayo, kisha kazi ya shamba, ulete gitare yako chini ya muembe. Mimi nitafika wa kwanza, na yule atakayecheka ataniona mimi.

Kapita wenu, mwaka wa sita